Uzito wa Chubwi

Ndugu wavuvi wa mshipi, wengi wetu tunafunga chubwi lile lile siku zote, kisha tunawalaumu samaki! Siku za maji mafu mkondo ni mdogo. Chubwi jepesi latosha, na changu akidonoa chambo, kidole kinasikia mara moja. Lakini siku za bamvu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanakimbia. Chubwi jepesi litachukuliwa mbali na chombo, mshipi upinde, na chambo kiliwe bila wewe kujua. Ongeza uzito mpaka usikie limegonga chini, basi. Zito mno hunasa miambani, na risasi siyo bure. Lifungeni kwa uzi dhaifu kuliko mshipi: likinasa, likatike lenyewe, ndoana ibaki.