Ridhaa ya Binti si Mali ya Wazee



Katika vijiji vya delta ya Rufiji, binti aliyevunja ungo aliwekwa ndani, akafundwa na kungwi, na siku ya kutolewa akahesabiwa kuwa amefikia kuolewa. Miaka yake haikuulizwa. Posa ilipoletwa, walioulizwa ni wazee; mwali akinyamaza, kimya chake kilichukuliwa kuwa ndiyo ridhaa. Na mwanamume aliyemwingilia binti kwa nguvu alionekana amewavunjia heshima wazazi wake. Wazee wakakaa, ikatozwa fidia, ama mkosaji akaambiwa amwoe. Amani ikarudi baina ya nyumba mbili. Binti hakuulizwa kama amani hiyo imemfikia na yeye.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliugeuza msingi huo. Aliyekosewa ni binti mwenyewe, na mshitaki ni Jamhuri. Kwa mbakaji kikawekwa kifungo kisichopungua miaka 30, na cha maisha ikiwa mtoto hajatimiza miaka 10. Tena si lazima pawe na jeraha ili kuthibitisha kwamba hakuridhia.

Hata hivyo, kumalizana nyumbani hakujakoma. Kutoka visiwani hadi Nyamisati, kisha Kibiti kwa polisi na kwa daktari, ni safari ya kungoja maji yajae, na nauli hulipwa na ndugu wale wale wanaoombwa kusamehe. Mtuhumiwa naye huwa jirani, pengine mjomba. Ukali wenyewe wa kifungo huwafanya wazee wasite: nani atamtoa mtoto wa jirani kwa miaka 30? Binti hupelekwa kwa shangazi wa mbali, na jalada hubaki bila shahidi. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ilisema kwamba ushahidi ulio bora katika kosa hili ni wa yule aliyetendewa. Basi anayemficha binti ameificha kesi.

Lakini wasichekwe wazee wa delta peke yao. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi, na ile ya 1998 ikamwacha nje ya kosa mume wa msichana wa umri huo. Mahakama Kuu ilivibatilisha vifungu hivyo vya ndoa mwaka 2016, Serikali ikakata rufani, ikashindwa Oktoba 2019.

Mzazi aliyepokea fidia hajaifuta kesi. Karatasi ya mapatano, hata ikitiwa sahihi mbele ya kijiji kizima, haimfungi mwendesha mashtaka.