Shamba la Mwanamke Aliyekimbia Kipigo

Ukatili wa nyumbani, yaani madhara ya mwili, ya nafsi au ya mali anayotendewa mtu na mwenzi wake au jamaa yake, huzungumzwa mara nyingi kana kwamba humalizika siku mwanamke anapoondoka na wanawe. Katika vijiji vya kandokando ya Mto Tana, kama Hewani katika eneo la Garsen, siku hiyo huwa mwanzo wa shida ya pili, kwa kuwa anayeondoka huliacha nyuma shamba lililokuwa likiwalisha watoto.

Wapokomo wa Hewani ni wakulima ambao tangu zamani hufuata kujaa na kupwa kwa mto, wakipanda mpunga mabondeni na kutunza migomba na miembe kingoni, na kwa desturi ardhi hiyo ni ya ukoo, mke akilima upande wa mumewe. Kwa hiyo mwanamke aliyepalilia mpunga msimu baada ya msimu hurudi kwa wazazi mikono mitupu: mavuno yatavunwa na wengine, bei ya maembe itapatanwa na mchuuzi yeye hayupo, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto vimebaki vimefungiwa sandukuni. Akikuta kwamba kwao nako ndugu zake wa kiume wamekwisha kugawana mashamba, njaa ya watoto humrudisha kwa yule yule aliyempiga, na jirani husema kwamba wamepatana.

Jambo hili haliwahusu wachache. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kutendewa ukatili wa kimwili tangu walipofikisha miaka 15.

Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inautambua pia ukatili wa kiuchumi, ambao ni kumnyima mtu fedha, chakula au mali anayostahili, na inaipa mahakama uwezo wa kutoa amri ya ulinzi inayomzuia mkatili asimkaribie aliyeumizwa, na hata kumwachia mwanamke nyumba waliyoishi pamoja, bila kujali nyumba hiyo ni ya nani. Maana yake ni kwamba anayepaswa kuondoka ni aliyepiga, ingawa mazoea ya vijijini yamemzoesha aliyepigwa kubeba mizigo yake.

Kuhusu ardhi, njia ni nyembamba zaidi. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu kazi ya shambani, malezi na kazi za nyumbani kuwa mchango wa mke katika mali, lakini inaiondoa katika mali ya ndoa ardhi inayoshikiliwa kwa amana ya kimila, ambayo ndiyo hali ya mashamba mengi ya ukoo. Hata hivyo, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inamfanya mke kuwa mwanajamii wa upande alikoolewa, na talaka peke yake haimwondolei uanachama huo mpaka atakapoolewa tena.

Hapa ndipo penye wajibu wa gasa, baraza la wazee wa Kipokomo, pamoja na machifu na viongozi wa dini. Kupatanisha kwa kutoza faini inayoishia mikononi mwa wazee wa kiume hakumlishi mtoto yeyote, ilhali neno la wazee kwamba mama huyu ataendelea kulima kipande chake na kuvuna alichopanda lingeweza kutimizwa msimu huu huu. Neno hilo lisiwe badala ya polisi: majeraha yatibiwe hospitalini, fomu ya P3, ambayo daktari huijaza kwa ajili ya ushahidi, ihifadhiwe, na namba ya bure ya 1195 ipigwe pale msaada wa karibu unapokosekana.

Serikali ya kaunti nayo, inapogawa mbegu na misaada baada ya mafuriko kama yale ya 2018 na ya mwishoni mwa 2023, imwandikishe mwanamke aliyetengana na mumewe kwa jina lake mwenyewe, pamoja na watoto anaowalea. Familia iliyovunjwa na kipigo hujengwa upya pale mama anapokuwa na mahali pa kulala bila hofu, ardhi ya kupanda na haki ya kuvuna, na kila baraza litakaloketi Hewani kusikiliza kesi ya namna hii linapaswa kuulizwa limempa lipi kati ya hayo matatu.