Mashine Ikibadili Sauti, Geuza Chombo
(Nasaha ya Afisa Habari wa Halmashauri kwa wavuvi, Bagamoyo)



Mimi si fundi. Kazi yangu ni habari. Lakini mashine ya boti nayo hutoa habari, na mara nyingi huitoa kabla ya kuzimika. Nimekuja kuwafikishia yale ambayo mafundi huyarudia kuhusu mashine kuukuu, hususan zile za kuchanganya petroli na oili, ambazo nyingi zimekwisha kupita mikononi mwa wamiliki wawili au watatu.

Kwanza, ipimeni sauti kwa gia. Mlio ukisikika hata gia ikiwa huru, mara nyingi hitilafu iko juu, kwenye mashine yenyewe. Ukisikika gia inapoingizwa tu, anzeni kutazama chini: gia, shafti na rafadha.

Pili, sikilizeni aina ya mlio. Ukiwa wa kugonga, mkavu kama nyundo juu ya chuma, zimeni papo hapo. Huenda pistoni au beringi zimekosa oili, au mashine imepata joto kupita kiasi. Kumbukeni kama mchirizi wa maji ubavuni ulikuwa ukitoka. Kama ulikatika, maji ya kupoozea hayapandi: plastiki au mchanga umeziba njia, au mpira wa pampu umekwisha.

Muungurumo ukipanda ghafla huku chombo hakisogei, pini ya rafadha imekatika au mpira wa kitovuni mwake unateleza. Mlio wa kusaga kutoka chini unawataka mkague oili ya gia mkiwa nchi kavu; ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia kupitia sili iliyochakaa. Mashine ikikohoa na kukatakata, tazameni plagi, kisha maji ndani ya petroli.

Ndugu zangu, najua kugeuza chombo kunauma. Petroli ya safari huenda ni ya mkopo, na nyumbani watu wanatazama njia. Nahodha hujiambia: itatulia yenyewe. Lakini dalili ya mvua ni mawingu. Mlio unaoanza mkiwa bado mnaiona minazi ya Kaole ni hasara ya petroli tu. Mkiuvumilia hadi katikati ya bahari iliyo baina yetu na Unguja, mashine ikazimika wakati wa kusi, upepo na mkondo vitawachukua kuelekea kaskazini, na nchi kavu hakuna ajuaye mlipo.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Mrudipo, isafisheni mashine kwa maji baridi ili chumvi isiganda ndani. Kabla ya kutoka, iachieni BMU majina yenu na mahali mnapokwenda, na kila mmoja awe na jaketi okozi, pamoja na pini na plagi za akiba chomboni. Tatu, wenye vyombo, msimlaumu nahodha aliyerudi mikono mitupu kwa sababu ya mlio. Amewarudishia mashine, na amewarudisha watu.