Kuutambua Mti wa Jamii ya Mnazi kwa Kokwa na Mche Wake



Kokwa zisizo na jina hutufikia mara kwa mara. Mtu kaziokota chini ya mti asioujua, kazileta kitaluni, zimeota, na sasa anauliza ni mti gani. Wengi wetu hukimbilia kutazama jani. Naomba tuanze kwingine, kwa sababu katika jamii ya mnazi jani la kwanza hudanganya. Mvumo mzima una jani pana la duara. Mche wake hutoa ukanda mmoja usiopasuka. Mkindu mzima una makuti marefu. Mche wake nao hutoa ukanda mmoja. Miti ambayo ukubwani haifanani hata kidogo, utotoni huwa pacha.

Kwa hiyo fukua udongo uitafute kokwa, ambayo mara nyingi bado imeshikamana na mche. Ya mkindu ina urefu wa sentimita moja na ushei, na upande mmoja ina mfereji toka ncha hadi ncha. Kokwa ya tende ina mfereji huohuo, maana mtende na mkindu ni ya jenasi moja, Phoenix. Mche ukishakua kidogo, thibitisha kwa kushika kijani kimoja pale kinapoungana na uti wa kuti: cha mkindu kimekunjwa kikifunguka juu, ukitia tone la maji litakaa; cha mnazi kimekunjwa kinyume, tone litateleza.

Tunda la mvumo hubeba hadi kokwa tatu kubwa zenye nyuzi. La mkoma, au mkoche, kwa kawaida hubeba moja, na ndani yake mna nyama nyeupe ngumu yenye uwazi katikati. Kokwa ya mchikichi ina gamba jeusi lenye vitundu vitatu. Mwale hauhitaji hata kufukuliwa ukiwa na tunda: limefunikwa magamba yanayong'aa kama ya kakakuona.

Kokwa zikiwa nyingi, ikate moja kwa msumeno. Tunaona uchungu kupoteza mbegu, lakini popoo iliyokatwa inajitaja yenyewe: mistari ya kahawia imepenya nyama nyeupe hadi karibu na kitovu.

Tazama pia kokwa inavyoota. Mnazi, mchikichi na mpopoo huchipua palepale kando ya kokwa. Mkindu, mvumo na mkoma hutanguliza kikonyo chembamba ardhini, na mche huchomoza mbali na kokwa yake. Mvumo huweza kuzama zaidi ya nusu mita kabla ya kuonyesha jani, ndiyo maana hufa ovyo katika vifuko vifupi. Ukiona kifuko kimetobolewa chini na juu hakuna kitu, usikimwage.

Ugumu wenyewe uko Pemba. Mpapindi, ambao kiasili hauoti popote duniani ila kisiwani humo, hasa katika msitu wa Ngezi, hutoa jani la kwanza lenye ncha mbili. Mpopoo hutoa kama hilo, na vilevile ule mti wa mapambo wa asili ya Madagaska uliojaa mahotelini, Chrysalidocarpus lutescens. Mpopoo tutautenga kwa kokwa yake kubwa. Hiyo miwili iliyobaki ni ya jenasi moja, na mimi sikubali mtu anayedai kuitofautisha kwa mche wa jani moja. Mwulize aliyeokota rangi ya tunda kabla hajaliosha: la mpapindi likiiva ni jekundu, la mwenzake ni la manjano kisha hugeuka jeusi. Mwulize aliokota wapi hasa. Miche ya mapambo ikiingizwa Ngezi kwa jina la mpapindi, tutakuwa tumeuharibu msitu kwa mikono ya wanaoupenda.

Vibao vya zamani vyenye majina tofauti visiwatishe. Mwanabotania Moore aliuita mpapindi Chrysalidocarpus pembanus mwaka 1962, mwaka 1995 ukahamishiwa Dypsis, na 2022 ukarudishwa. Mti ni uleule.

Napendekeza kibao cha kila kifurushi kiwe na jenasi, mahali, tarehe, rangi ya tunda na picha ya mti mama, na kokwa moja kavu ihifadhiwe kwenye bahasha yenye namba ileile. Nafasi ya spishi, ushahidi usipotosha, ibaki tupu hata kama mnunuzi anasubiri mlangoni.