Mteja Akikasirika, Sisi Tufanyeje?

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama wa madukani na mahotelini)



Leo tuna shauri moja tu, nalo latuhusu sote tunaosimama mbele ya watu kutwa: keshia, weita, muuza petroli, makanga na karani wa dirishani. Shauri lenyewe ni mteja mwenye maneno makali.

Wako wenzetu wasemao kwamba kutulia mbele ya matusi ni utumwa. Sivyo, ndugu. Mtumwa hunyamaza kwa sababu hana haki. Sisi twatulia kwa sababu haki tunazo, wala hatutaki kuzitupa kwa neno moja. Wazee walisema: hasira, hasara. Na hasara hiyo haimpati mteja. Yeye atakwenda zake nyumbani. Atakayeitwa ofisini ni mfanya kazi.

Kwanza tutazame hasira yatoka wapi. Katika supamaketi, bei iliyobandikwa kwenye rafu ni shilingi 180. Kwa keshia mashine yasoma 210. Mteja apiga kelele, "Wezi nyinyi!" Je, keshia ndiye aliyepanga bei? Hata kidogo. Kibandiko cha zamani hakikuondolewa. Au mtu amelipia chakula kwa M-Pesa, fedha zimetoka kwake, lakini ujumbe haujafika hotelini. Weita amwambia angoje kidogo, naye aona anafanywa mwongo. Hapo mteja aogopa kulipa mara mbili, na weita aogopa kukatwa mshahara. Wote wawili wana hofu ya haki. Tena tukumbuke, mteja huyo mara nyingi ni mfanya kazi kama sisi, na shilingi 30 kwake si kitu kidogo.

Basi tufanye hivi:

1. Tumwache aseme mpaka amalize. Mtu akikatizwa huanza upya, tena kwa sauti kubwa zaidi.

2. Tushushe sauti. Husemwa kwamba dawa ya moto ni moto, lakini kwenye kaunta dawa ya moto ni maji.

3. Turudie shida yake kwa maneno machache: "Mama, kwenye rafu umeona 180, na hapa mashine yasema 210. Ndivyo?" Akijua amesikiwa, nusu ya hasira imekwisha.

4. Tutende lililo katika uwezo wetu, tusiahidi lisilo letu. Kama ruhusa ya kurudisha fedha anayo meneja, tumwite meneja. Hiyo ndiyo kazi yake.

5. Akiinua mkono kupiga, au akimshika dada yetu, mazungumzo yamekwisha. Turudi nyuma, tuite askari wa mlangoni na meneja. Kutulia si kukubali kuumizwa. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 2019 Mkataba namba 190 juu ya ujeuri na unyanyasaji kazini, na mkataba huo wataka hata ujeuri wa watu wa nje, kama wateja, uangaliwe.

6. Akiisha kwenda, tumwombe mwenzetu ashike kaunta kidogo, tunywe maji. Anayefuata kwenye foleni hana kosa. Kisha tuandike siku, saa, maneno yaliyosemwa na aliyeshuhudia.

Maandishi hayo ni ngao. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yasema kwamba kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu, mwajiri sharti amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanya kazi mwenzake au mjumbe wa chama atakayemchagua, na wasikilizwe. Malalamiko ya mteja peke yake hayamalizi kesi. Tena kifungu cha 19 chaweka mipaka ya kukata mshahara: upungufu wa fedha wakatwa ukiwa umetokana na uzembe au udanganyifu wa mfanya kazi ambaye mkataba wake wamkabidhi fedha. Kwa hiyo mteja akitoroka bila kulipa, deni lake haliwi letu hivi hivi tu.

Lakini ndugu, kama watu kumi kwenye foleni wamekusikia ukimtukana mteja, mjumbe wako atasema nini? Aliyetulia ndiye mwepesi kutetewa.

Nao matajiri wana lao. Vibandiko vya bei vibadilishwe kabla ya duka kufunguliwa. Makeshia wawe wa kutosha siku za mwisho wa mwezi. Meneja awe karibu, asijifungie ofisini wakati sisi twatukanwa kwa makosa yasiyo yetu. Ugomvi wa namna moja ukitokea mara tano kwa juma, hilo si jambo la hasira za keshia tena. Ni jambo la kampuni, na mahali pake ni mezani, kati ya chama na mwajiri.

Kwa sababu hiyo twaomba kila tawi linunue daftari moja, likae kwa mjumbe. Kila ugomvi uandikwe humo. Mwisho wa mwezi tulisome pamoja, tuone shida ipi yajirudia, kisha tuipeleke kwa meneja kwa sauti ya chini na hesabu kamili.

Sasa tusikie maswali.