Breki za Gari la Chama: Seti Mpya au Matengenezo?



Gari la chama litokapo mashambani Katindiuka na mpunga, mara nyingi wenye mpunga huwa wameketi juu ya magunia. Kwa hiyo shauri la breki si la dereva peke yake. Ni la mkutano mkuu.

Vyama vyenye magari ya zamani, kama Land Rover zilizoundwa na breki za ngoma magurudumu yote manne, hushauriwa kununua seti kamili ya breki za diski. Shauri hilo lina ukweli. Ngoma imefunikwa, maji na tope la masika vikiingia hukaa ndani, na brekishu huteleza. Aidha, tangu Daraja la Magufuli lilipofunguliwa mwaka 2018, gari huvuka Mto Kilombero bila kungoja kivuko na kuelekea milima ya Mahenge. Katika mteremko ngoma hupata moto, hutanuka na kuziacha brekishu, kanyagio likazama. Diski iko wazi: hukauka upesi na kupoa upesi.

Lakini kinacholisimamisha gari ardhini ni tairi. Gurudumu likiisha kufungwa, nguvu ya breki iliyozidi haina kazi tena, na tairi kipara huteleza hata kwa diski za gari la mashindano. Tena kalipa kubwa huhitaji mafuta mengi kuliko silinda ndogo za ngoma. Masta silinda isipolingana nazo, kanyagio hushuka mno. Na breki za nyuma zikifunga kabla ya za mbele, gari hugeuka njiani.

Lipo jambo dogo linalosahauliwa mno, nalo ni mafuta ya breki. Hunyonya unyevu wa hewa. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205 za Sentigredi. Yakiisha kunyonya maji, huweza kuchemka kwenye 140 hivi. Hapo hufanya mvuke, na dereva hukanyaga pasipo kitu. Bei ya chupa moja si kitu mbele ya bei ya seti!

Basi kabla ya kura ya ununuzi, katibu amwite fundi afungue magurudumu yote, abadili mafuta, atoe upepo, kisha aeleze mkutanoni hali ya brekishu na tairi. Seti ikinunuliwa, ijaribiwe uwanjani, kwanza gari likiwa tupu, halafu na magunia, bila mtu hata mmoja juu yake.