Mionzi Haina Harufu, Lakini Inapimika

Leo nina swali moja. Utajuaje kama mionzi imeingia mwilini mwako? Haina harufu, haina ladha, wala huisikii ikipenya.

Sikiliza yaliyotokea mji wa Goiânia, Brazil. Septemba 1987, watu wawili walichukua sehemu ya mashine ya kutibu saratani kwenye jengo la kliniki iliyohama, wakaiuza kama chuma chakavu. Ndani mlikuwa na unga wa sesiamu 137. Gizani ulitoa mwanga wa buluu. Jamani, watu wakaupenda! Wakagawiana, wengine wakajipaka. Mtoto wa miaka 6 alikula chakula huku mikono yake ina unga ule.

Watu wakaanza kutapika na kuharisha. Mke wa mwenye duka la vyuma chakavu ndiye aliyeshtuka. Akaupeleka ule mzigo ofisi ya afya, na kesho yake mtaalamu akaupima. Siri ikafichuka.

Watu zaidi ya 112,000 walipimwa, wengi wao katika uwanja wa mpira. Waliokutwa na sesiamu ni 249. Je, kila mmoja alipata kiasi gani? Hapo zilitumika njia tatu:

1. Mashine ya kuhesabu mionzi. Mionzi ya sesiamu iliyo ndani hupenya hadi nje. Mtu akikaa karibu na mashine, inajulikana iliyobaki mwilini.

2. Mkojo na choo. Hupimwa sesiamu inayotoka, ndipo iliyoingia ikadiriwe.

3. Damu. Mionzi hukata kromosomu, nazo huungana vibaya. Wataalamu huzihesabu kwa hadubini na kukadiria dozi.

Kwa vipimo hivyo madaktari walijua nani apewe dawa ya kunasa sesiamu tumboni ili itoke na choo. Na wale waliokuwa salama? Walipewa vyeti, maana watu wa Goiânia walikuwa wakitengwa hata waliposafiri miji mingine.

Watu 4 walikufa, akiwemo yule mtoto na yule mama aliyeshtuka. Lakini kama mama yule angenyamaza, unga ungeendelea kusambaa.

Kwa hiyo wewe, ukiona chuma chenye alama ya mapanga matatu kama feni, usikiguse wala kukivunja. Kaa mbali, mwambie mwalimu au polisi. Umeshakigusa? Sema leo leo, upimwe. Kuona haya hakupunguzi dozi.